Kufundisha hesabu kwa udadisi na kwa makosa ya watoto: mwongozo kwa mwalimu wa msingi Nyanda za Juu Kusini

Mtoto wa darasa la nne amepewa 503 − 278, ameandika 375. Kalamu nyekundu iko mkononi na madaftari mengine themanini yanakusubiri. Ukiweka alama ya kosa ukapita, utakachojua ni kwamba amekosa, basi. Hebu lirudie lile jibu tarakimu kwa tarakimu. Kwenye mamoja, 8 na 3, ameandika 5. Kwenye makumi, 7 na 0, ameandika 7. Kwenye mamia, 5 na 2, ameandika 3. Kila safu amechukua ndogo akaitoa kwenye kubwa, bila kujali ipi iko juu na ipi iko chini. Pengine alipokuwa darasa la kwanza aliambiwa "huwezi kutoa kubwa kwenye ndogo", na tangu siku hiyo ametii. Huyu hakubahatisha. Ana kanuni yake, anaifuata kwa uaminifu, na kanuni hiyo ndiyo mbovu.

Aliyepata anaweza kuwa amenakili kwa jirani. Huyu aliyekosa amekuonyesha kila hatua ya mawazo yake. Ndiyo maana nashikilia kwamba somo zuri la hesabu hujengwa juu ya mambo mawili: swali linalomfanya mtoto atake kujua, na jibu lililokosewa ambalo mwalimu amelisoma badala ya kulifuta.

Namwandikia mwalimu wa shule ya msingi wa huku kwetu, Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe, mwenye darasa lililojaa, ubao, chaki na vitabu vichache. Mzazi anayemkalisha mwanawe na daftari jioni naye atapata chake.

Hatua ya kwanza: kicheko kikome

Kabla ya zana na kabla ya maswali mazuri, shughulikia kicheko. Mtoto akikosea ubaoni na darasa likaangua kicheko, kesho hanyooshi mkono. Baada ya wiki chache haumizi kichwa tena. Anasubiri mwalimu aandike jibu naye alinakili.

Mfano tunao hapahapa. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba huko Tanga, aliweka kwenye friza mchanganyiko wa aiskrimu ukiwa bado wa moto, ukaganda kabla ya ule wa mwenzake ambao haukuwa wa moto. Akamuuliza mwalimu, akaambiwa amejichanganya. Alipofika Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu, akauliza tena. Mwalimu akamjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Maneno hayo yakageuka desturi: akikosea hata kusoma jedwali la logi, anaambiwa hiyo ni hisabati ya Mpemba, na darasa zima likayadaka. Denis Osborne, profesa wa fizikia kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, alipokuja kuzungumza na wanafunzi wa Mkwawa, Mpemba alimuuliza swali lilelile, na wenzake wakamsimanga. Osborne aliporudi Dar es Salaam akataka swali lile lifanyiwe jaribio. Mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala yao, na leo jambo hilo linajulikana duniani kwa jina la Mpemba. Wanasayansi bado wanabishana juu yake. Mkwawa yenyewe sasa ni chuo kikuu kishiriki kinachoandaa walimu.

Nafikiri mara nyingi juu ya wale ambao hawakuwa na ubishi wa Mpemba, waliouliza mara moja, wakachekwa, wakanyamaza.

Kwa hiyo siku ya kwanza ya muhula weka sheria, na uisimamie kwa ukali kuliko unavyosimamia kuchelewa: hakuna kucheka jibu la mtu. Asiyekubaliana nalo asimame aseme, "Mimi nimepata tofauti, na sababu yangu ni hii." Halafu jiangalie na wewe. Tumezoea kusema "Nani amsaidie mwenzake?" mara tu mtoto anapokosea. Maneno yanaonekana ya upole, lakini kila mtoto anajua maana yake: umeshindwa, kaa chini. Badala yake mwambie, "Tueleze umepataje," na mwulize hivyohivyo aliyepata na aliyekosa, ili swali hilo lisiwe ishara ya kukosa. Makofi nayo yahamie kwa aliyeeleza vizuri, au kwa aliyebadili mawazo baada ya kumsikiliza mwenzake. Fimbo kwa sababu ya hesabu iliyokosewa iache kabisa. Mtoto anayeogopa kuchapwa hawezi kukuonyesha anavyofikiri, na hicho ndicho kitu unachokihitaji kuliko vyote.

Hatua ya pili: swali litangulie kanuni

Mazoea yetu ni kuandika kanuni, mfano mmoja, mfano wa pili, kisha zoezi la maswali kumi. Geuza mpangilio. Kwenye andalio la somo, kabla ya kitu kingine chochote, andika swali moja. Swali zuri lina sifa tatu: mtoto mzito kuliko wote anaweza kulianza, lina njia zaidi ya moja, na watoto watabishana juu ya jibu lake.

Si lazima ulitunge kutoka hewani. Kitabu kinasema: tafuta eneo la mstatili wenye urefu wa mita 8 na upana wa mita 4. Uliza hivi: nina kamba ya mita 24, nataka kuzungushia bustani ya mstatili, nifanyeje nipate bustani kubwa kuliko zote? Kitabu kinasema: 9 × 4 = ? Uliza hivi: jibu ni 36, swali linaweza kuwa lipi? Hilo la mwisho ni zuri mno kwa darasa la watoto mia, kwa sababu kila mmoja ana cha kuandika, na yule mwepesi atakuletea 6 × 6, 40 − 4, 72 ÷ 2, hata nusu ya 50 jumlisha 11.

Ukishauliza, waambie wakisie kwanza. Waandike makisio kwenye daftari kabla ya kukokotoa. Mtoto aliyekisia ana dau lake pale. Atataka kujua kama alikuwa karibu. Halafu subiri. Hesabu moyoni hadi kumi kabla ya kumchagua yeyote. Sekunde hizo utaziona ndefu, lakini wale wenye mikono mizito ndipo wanapofikiri.

Hatua ya tatu: waachie watafute (somo la lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo)

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo walimu wengi hukwama. Chukua darasa la sita, mada ya uwiano na bei, vipindi viwili vya dakika 40 vilivyofuatana. Andika ubaoni:

Mkulima wa viazi wa Uyole amepatana na mnunuzi shilingi 70,000 kwa gunia la kilo 100. Gunia limejazwa lumbesa, limefika kilo 140. Amelipwa 70,000 ileile. Amepoteza nini?

Namba hizo nimezichagua ili zigawanyike vizuri. Wewe weka bei ya msimu wako. Angalia pia kwamba swali ni "amepoteza nini", si "amepoteza shilingi ngapi". Wengi wa watoto wa huku wameona gunia likishonewa kichwa cha kamba juu, na wamewasikia wazazi wakilalamika. Hakuna haja ya kuwaeleza lumbesa ni nini. Wengine watakueleza wewe.

Dakika tano za mwanzo kila mtu kimya na makisio yake. Kisha wa dawati la mbele wageukie wa nyuma, wawe wanne au sita, dakika kumi na tano. Wazungumze kwa lugha inayowajia, Kiswahili, Kinyakyusa, Kihehe, Kibena. Hesabu haibadiliki, na mtoto hufikiri vyema kwa maneno aliyokulia. Wewe pita katikati, lakini usichukue kalamu ya mtoto. Maswali yako yawe machache: Umepataje? Hii 500 ni ya nini? Lingekuwa la kilo 200 ingekuwaje?

Baadaye kusanya majibu yote ubaoni, kwa mwandiko wa ukubwa mmoja, na uso wako usiseme lolote. Yatakuja kama haya: kilo 40, shilingi 200, shilingi 20,000, shilingi 28,000. Sasa kila jibu litetewe.

Mwenye shilingi 200 ataeleza kwamba 70,000 kugawanya kwa 100 ni 700, na 70,000 kugawanya kwa 140 ni 500, tofauti ni 200. Hesabu yake ni safi. Mtoto mmoja atauliza, "Mia mbili ya nini?" Asipotokea, uliza wewe. Ni mia mbili kwa kila kilo, na kilo ni 140, kwa hiyo 28,000. Pale pale wa 28,000 atasimama aseme yeye hakupita njia hiyo: alichukua kilo 40 za ziada akazidisha kwa 700. Wa tatu atasema alizidisha 140 kwa 700 akapata 98,000, akatoa 70,000. Njia tatu, jibu moja. Usiharakishe kutoka hapo. Waulize kama ni bahati ya namba hizi au itakuwa hivyo daima, na wape wale wepesi kazi ya kujaribu namba nyingine.

Jibu lenye thamani kuliko yote ni 20,000. Aliyelipata amezidisha kilo 40 kwa 500, na kuzidisha kwake ni sahihi. Ila 500 ni bei ambayo mkulima aliangukia baada ya kupunjwa, si bei waliyopatana. Uliza darasa: hizi kilo 40 tuzithamini kwa bei ipi? Watabishana, na ubishi wenyewe ndio somo, kwa kuwa sasa wanazungumzia maana ya bei kwa kilo badala ya kukariri "gawanya kisha zidisha". Kama mmoja atashikilia 20,000 hadi mwisho, muulize kilo 100 zilizolipiwa zilikuwa za bei gani kila moja kwa mapatano yale, kisha mwache na swali hilo aende nalo nyumbani.

Hapo ndipo uandike kanuni ya kutafuta bei ya kimoja. Wataipokea kama jina la kitu walichokwisha kukifanya. Wape maswali matatu ya kujizoeza, si kumi. Wakiuliza kama lumbesa inaruhusiwa, wajibu: sheria ya vipimo inaikataza.

Kamba, mvua na mifuniko

Somo la kamba ya mita 24 lifanyeni nje. Kwa Makete na Njombe, Juni na Julai, toka kipindi cha baada ya mapumziko jua likishapanda, maana vidole vilivyokufa ganzi havishiki rula. Watoto wengi wataanza kwa kusema kamba ni ileile, kwa hiyo bustani ni ileile. Usibishe. Wachore chini kwa kijiti, hatua moja iwe mita moja, wajaze jedwali: upana 1 na urefu 11, eneo ni 11, 2 na 10, ni 20, 3 na 9, ni 27, 4 na 8, ni 32, 5 na 7, ni 35, 6 na 6, ni 36. Imani ya mwanzo itaanguka yenyewe mbele ya macho yao. Wengine watauliza kama mraba una haki ya kuitwa mstatili. Ubishi huo nao uachie dakika zake. Watakaomaliza mapema waambie upande mmoja wa bustani ni ukuta wa nyumba, hauhitaji kamba. Mraba hautashinda tena: upana 6 na urefu 12 unatoa eneo la 72, na watashangaa.

Kwa duara, kusanya mifuniko ya ndoo, makopo na sufuria. Kila kundi lipime mzingo kwa uzi na kipenyo kwa rula, kisha ligawanye. Watapata 3.1, 3.2, kundi moja 2.9. Usiwaambie 3.14 mapema, waulize kwanza kwa nini majibu yanakaribiana na kwa nini hayalingani kabisa, wajue pia kwamba kupima kuna makosa yake.

Kwa wastani na grafu, kuanzia Novemba hadi Aprili tuna mvua ya kutosha: kopo lililonyooka pande zote, rula, na zamu ya kupima kila asubuhi. Rungwe hamtakosa data.

Hatua ya nne: soma kosa, lipe dawa yake

Turudi kwa mtoto wa 375. Kabla ya kumfundisha upya mpe 52 − 38. Akiandika 26, kanuni yake ni ile tuliyoishuku: ndogo itoke kwenye kubwa. Akiandika 14, kuchukua anakujua, tatizo lake ni sifuri ya katikati. Ni magonjwa mawili tofauti, na hotuba moja haitayatibu yote. Wa kwanza mpe njiti za mianzi zilizofungwa kumikumi: ashike hamsini na mbili, adaiwe nane. Ana mbili tu zilizo huru. Itabidi afungue fungu kwa mikono yake, na akishalifungua mara kadhaa ataelewa 5 iligeuka 4 kwa nini. Wa pili anahitaji kufungua fungu la mia ili apate makumi kabla hajapata mamoja. Wote wawili wafundishe kujihoji: 500 toa 300 ni kama 200, je, 375 inakaa karibu? Na 375 jumlisha 278 inarudi kuwa 503?

Kosa la pili limeenea kila shule: nusu jumlisha theluthi, mtoto anaandika 2/5. Amejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini. Usianze na asili ya shirika, yaani namba moja ya chini kwa sehemu zote mbili. Muulize kwanza kati ya 2/5 na nusu ipi kubwa. Akunje karatasi mbili alinganishe. Ataona kwamba alianza na nusu, akaongezewa, akabaki na pungufu ya nusu. Mkanganyiko huo ukishamkamata ndipo atataka njia sahihi. Halafu umheshimu zaidi: fikra yake ina mahali pake. Mchezaji aliyepiga penalti 2 akafunga 1, kisha akapiga 3 akafunga 1, kwa jumla amefunga 2 kati ya 5. Darasa lichambue kwa nini kwa penalti inakubali na kwa chapati inakataa. Kwenye chapati tunagawa kitu kimoja cha ukubwa uleule. Kwenye penalti tunakusanya mapigo ya makundi mawili.

La tatu ni 0.25 kuonekana kubwa kuliko 0.3, "kwa sababu ishirini na tano inaizidi tatu". Mtoto huyu amewahi kutumwa dukani robo ya sukari. Kilo 0.25 ni gramu 250, kilo 0.3 ni gramu 300. Mizani ikiwepo, maneno hayahitajiki mengi.

Uwe na daftari dogo la makosa. Kila mada, andika makosa mawili au matatu yanayojirudia na swali lililokusaidia kuyatambua. Mwakani andalio lako litaanzia hapo.

Darasa lililojaa na muhtasari unaokimbizana na kalenda

Najua swali linalokuja: watoto 90, mada hazijaisha, mwalimu wa taaluma anauliza umefika wapi. Huwezi kufanya kila kipindi hivi, na hakuna anayekudai hivyo. Anza na kipindi kimoja kwa wiki, kwenye mada ambayo unajua huwasumbua. Muda unaoutumia pale utaurudisha kwenye marudio ambayo hutalazimika kuyafanya.

Kuhusu kusahihisha, usisome madaftari 90 kwa undani kila siku. Chagua swali moja kati ya yote lisome sawasawa, na panga madaftari kwa mafungu kufuatana na jibu waliloandika. Mara nyingi mafungu hayazidi manne au matano, na kesho yake unafundisha mafungu hayo badala ya kufundisha watu 90.

Mzazi naye mwambie kitu kimoja kwenye kikao: asimpe mtoto jibu, wala asimwite mjinga. Amuulize "umepataje?" tu, hata kama yeye mwenyewe hakusoma hesabu hizo. Mtoto akieleza kwa sauti, nusu ya makosa huyaona mwenyewe.

Kurudisha mtihani

Baada ya jaribio la mwezi au moko (mtihani wa majaribio), usiingie darasani ukisoma maksi kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Andika ubaoni majibu matatu yaliyokosewa na wengi, bila jina la mtu. Vikundi vitafute aliyeandika hivi alifikiri nini, na ni swali gani fupi lingemwonyesha kwamba njia yake haifiki. Wape dakika 20 kwa kazi hiyo. Kisha warudishie karatasi, kila mtoto achague swali moja alilokosa, alifanye upya upande wa nyuma, na chini yake aandike kwa sentensi moja kilichompotosha. Kusanya karatasi hizo, zisome jioni, ziwe mwanzo wa andalio lako linalofuata. Orodha ya maksi ibandikwe kesho yake.